Hadi Atakapopokelewa

Jumatano moja, saa nne asubuhi, kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma, ilitangazwa rasmi kwamba tatizo la ajira kwa vijana limekwisha. Si kwamba limepungua, limekwisha. Vijana wasio na kazi waliombwa watulie majumbani mwao na kusubiri utaratibu.

Aliyeleta habari hiyo njema alikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Kukuza Sifa za Kuajirika. Alieleza kwamba Idara imefanya utafiti wa kina. Waajiri wa kila namna waliulizwa wanataka kijana wa aina gani, na majibu yao yalifanana ajabu, kwa kuwa wote walikuwa mtu mmoja, shemeji yake Mkurugenzi, mwenye kiwanda cha matofali. Shemeji alisema anamtaka kijana anayewahi, anayesimama wima, anayesikia akiambiwa, na asiyeondoka kabla ya wakati. Utafiti ukafungwa siku hiyohiyo ili matokeo yasije yakaharibika.

Ndipo ukazaliwa Mpango wa Kadeti Kazini. Kijana angefundishwa ukakamavu miezi sita, apewe cheti, na cheti kingempatia kazi. Cheti kingempatiaje kazi, hilo halikuelezwa, maana hotuba ilikuwa imefika mwisho wa ukurasa.

Filimbi alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu akitia vidole viwili mdomoni na kupuliza, hata jogoo anasimama. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mrefu, na alikuwa na tabia moja iliyowatia watu wasiwasi: alikuwa anafanya alichoambiwa. Ukimwambia Filimbi ningoje hapa, basi usimsahau. Mama yake aliwahi kumsahau sokoni, mtoto ana miaka saba. Alimkuta jioni amesimama palepale, kikapu mkononi, amekataa hata kigoda cha muuza vitunguu, kwa sababu neno aliloachiwa lilikuwa simama, si kaa.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, barazani kwake. Naye alikuwa na mtindo wake. Nguo za wateja hakuziandika majina, alisema majina yanafanana mno, mtu anakuja kuchukua gauni anaondoka na la mwenzake. Yeye alishona ndani ya nguo kitambaa kidogo cheupe, na juu yake akaandika kwa kalamu ya wino mtu ni nani na tatizo ni nini. Mwalimu, zipu. Dereva, makalio. Bi Harusi, amenenepa. Mtaa mzima ulikuwa umebeba siri hizo mgongoni, na nguo hazikupotea.

Mama alimshonea bintiye sare ya kadeti, akaipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Lakini alimwambia wazi kwamba miezi sita ya mafunzo na miwili ya kungoja ndiyo mwisho. Mjomba alikuwa na watoto wanne na mke asiyekaa nyumbani, na alikuwa anahitaji msichana wa kukaa nao. Kama kufikia Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane Filimbi hana kazi, Mjomba atakuja saa kumi jioni kumchukua. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Ila binamu wawili wa Filimbi walikwishakwenda kumsaidia kwa muda mfupi, na mmoja alirudi na mvi.

Basi Filimbi akajifunza ukadeti kama mtu anayekimbia mvua. Mkufunzi alikuwa sajenti mstaafu, wote wakimwita Afande, mzee mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Idara ilimwajiri awafundishe vijana kupiga gwaride, basi. Yeye, kwa kutoelewa, akawafundisha na mambo ya maana. Akawafundisha kusoma ramani, kufunga jeraha, kupanga stoo ili kitu kipatikane gizani. Akawafundisha kutoa taarifa.

"Taarifa ina vitu vinne," alikuwa anasema, akitembea mbele ya mstari. "Nini, wapi, lini, nani. Kwa nini, hiyo usiseme. Kwa nini wanaijua wao."

Juu ya yote akawafundisha lindo. Lindo halikai wazi, alisema. Ukikuta lindo halina mtu, lishike. Hesabu ulichokikuta, andika, toa taarifa. Na ukishalishika huondoki mpaka upokelewe, yaani mpaka aje mwenzako, asimame uliposimama, aseme nimekupokea. Asiposema neno hilo, wewe bado uko lindoni, hata kama amekuletea chai.

Vijana kumi na wawili walihitimu. Walipewa vyeti vyenye picha ya Mkurugenzi akiwa ameshika vyeti. Kisha wakaanza kungoja.

Kila Jumatatu Filimbi alikwenda Idarani. Lilikuwa jengo la ghorofa mbili, lenye ngazi zilizosuguliwa kwa nta nyekundu na ukumbi wenye mabenchi matatu ya watu wanaongoja. Dirishani aliketi Karani, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, na huyo ndiye aliyekuwa na sura ya mtu aliye kazini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Faili lako liko mezani kwa Afisa. Chumba namba saba."

"Afisa yupo?"

Karani alifikiri kwa haki kabisa. "Koti lake lipo."

Hivyo hivyo Jumatatu ya pili, na ya tatu, na ya nne. Wiki ya tano Filimbi akaomba amwone Afisa kwa macho. Akaruhusiwa kuchungulia. Meza ilikuwepo, milima ya mafaili ilikuwepo, na kwenye mgongo wa kiti lilining'inia koti la kijivu, mabega yametulia, kama mtu aliyeinama kidogo kutafuta kalamu. Ukutani palikuwa na cheti kilichowekwa kwenye kioo: Mfanyakazi Bora wa Mwaka, Afisa, Chumba Namba Saba. Hajawahi kuchelewa. Hajawahi kuomba ruhusa. Hajawahi kujibizana na mkubwa wake.

Filimbi alirudi nyumbani akiwa na heshima zaidi kwa Afisa, akawasimulia. Bibi yake, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, alisikiliza mpaka mwisho.

"Kitendawili," alisema Bibi.

"Tega."

"Hana kichwa, hana miguu, na kila siku yuko kazini."

Filimbi akasema saa ya ukutani. Mama akasema cherehani. Bibi akatikisa kichwa, akadai mji. Mama akampa mji, Bibi akaukataa, akasema huo una vumbi, akapewa mwingine wenye soko kubwa. Akaukubali, akautembelea kidogo kwa mawazo, ndipo akarudi na jibu.

"Koti."

Filimbi hakucheka. Alisema Bibi asimseme vibaya mtu mwenye cheti.

Sasa, mwezi wa nane ulipofika wiki ya mwisho, Idara ilipata ugeni. Mheshimiwa, ambaye Idara yote iko chini yake, angekuja Ijumaa kujionea mafanikio ya Mpango na kupigwa picha na vijana waliofanikiwa. Kwa kuwa mafanikio yalikuwa hayajapatikana, Mkurugenzi alitoa waraka. Aliuandika mwenyewe, kwa Kiswahili cha hali ya juu, na Mheshimiwa akautia sahihi bila kuusoma, kama ilivyo kawaida ya kuaminiana.

Waraka ulisema hivi: Kila atakayehusika atashika nafasi iliyo wazi ndani ya jengo la Idara, kuanzia Jumatatu, kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na ataendelea kuishika nafasi hiyo hadi atakapopokelewa.

Mkurugenzi alimaanisha wasimame. Alitaka vijana wafanye mazoezi ya kusimama hapa na pale kwenye kuta, palipo na nafasi, ili Ijumaa Kamati ya Mapokezi ije kuwapokea na kuwapanga kwa ajili ya picha. Mtu yeyote wa ofisini angeelewa hivyo.

Lakini makadeti hawakuwa watu wa ofisini. Walikuwa wamefundishwa na Afande.

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi, vijana kumi na wawili walikuwa ukumbini kwa mstari, sare zimenyooka. Filimbi, kiongozi wa zamu, aliusoma waraka mara mbili kwa sauti. Kisha akamuuliza Karani ni nafasi zipi zilizo wazi.

Karani aliangalia juu ya miwani, akaangalia korido. Milango kumi na miwili ilikuwa wazi, na nyuma ya kila mlango kiti, na kwenye kila kiti koti, au mtandio, au kofia.

"Mwanangu," alisema polepole, "zote."

"Na atakayetupokea ni nani?"

"Kamati ya Mapokezi."

"Iko wapi?"

"Kikaoni."

"Kikao kitaisha lini?"

Karani alirudi kwenye karatasi zake.

Saa mbili kamili kila kadeti alikuwa ameshika nafasi yake. Filimbi alipangiwa chumba namba saba. Alisimama mlangoni, akapiga saluti kwa koti, akaomba kumpokea. Koti halikujibu. Akangoja dakika tatu, kama ilivyo kanuni, akalihesabu lindo kuwa limekutwa wazi. Akatoa daftari, akaandika alichokikuta: meza moja, kiti kimoja, muhuri mmoja wenye neno IMEPOKELEWA, haujawahi kuguswa na wino. Mafaili mia moja arobaini na matatu. Koti moja, la kijivu. Ili aandike koti vizuri alilifungua atazame ndani, na hapo, chini ya kola, akaona kitambaa cheupe kidogo na mwandiko anaoujua tangu hajaanza shule.

Mkurugenzi, kiwiko cha kushoto.

Aliutazama mwandiko wa mama yake kwa muda. Kisha akaandika daftarini: kitambaa kimoja, maneno kama yalivyo. Kwa nini, hakuandika.

Halafu akaketi, akaanza kazi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kama watu walivyodhani. Faili linafunguliwa, linatazamwa kama karatasi zimetimia, linapigwa muhuri wa IMEPOKELEWA, linapelekwa chumba namba nane, kwa Mkurugenzi, atie sahihi. Basi. Watu walikuwa wamengoja hatua hiyo miezi minane, wengine miaka. Filimbi aliyapanga yote kwa tarehe yalivyofika, kama Afande alivyowafundisha kupanga stoo. Faili lake mwenyewe alilikuta katikati ya lundo la tatu. Jina lake, picha yake, nakala ya cheti chake, na karatasi ya kumthibitisha kazini, imejazwa kila kitu isipokuwa sahihi. Alilishika kidogo. Halafu akalihesabia tarehe, likaangukia la mia na arobaini. Akaliweka hapo.

Kwenye vyumba vingine mambo yalikuwa vilevile. Kadeti mmoja mnene waliyemwita Tofali, aliyeshika chumba cha kumbukumbu, alichora ramani ya makabati, na kuanzia Jumanne hati iliyopotea ilikuwa inapatikana kabla mwenyewe hajamaliza kulalamika. Siku hiyohiyo mzee mmoja aliyezirai kwenye benchi alilazwa chini, akalegezwa mkanda, akainuliwa miguu, na alipozinduka akaambiwa karatasi zake ziko tayari, akazirai tena. Jumatano mabenchi yalibaki mawili, la tatu likapelekwa kupigwa rangi. Alhamisi asubuhi ukumbini palikuwa na mtu mmoja tu, na huyo alikuwa amekuja kuuliza kama ni kweli.

Wenye makoti walichungulia mmoja mmoja, wakaona viti vina watu. Walipoambiwa waseme tu nimekupokea na kuketi kufanya kazi, walitazama saa zao, wakakumbuka misiba.

Jambo moja tu halikwenda. Mafaili ya chumba namba saba, ambayo pekee yalihitaji sahihi ya Mkurugenzi, yaliingia chumba namba nane, na chumba namba nane hakikuwa na mtu. Mkurugenzi alikuwa hotelini kwenye semina ya siku nne kuhusu kuwahi kazini, ambayo ilianza Jumanne kwa sababu Jumatatu walikuwa wanamngoja yeye. Waraka ulitaja nafasi iliyo wazi, na ya Mkurugenzi nayo ilikuwa wazi, lakini makadeti walikuwa kumi na wawili, na mlango wake ulikuwa wa kumi na tatu. Hivyo mafaili yakapangwa mezani kwake, safu juu ya safu, mpaka kiti kikawa hakionekani kutoka mlangoni.

Alhamisi jioni Filimbi alimuuliza Karani, kwa adabu, kama mafaili yalikuwa yanafika huko zamani.

"Yafike yakafanye nini?" alisema Karani, akifuta miwani kwa pindo la kitenge. "Likifika kwa Mkurugenzi lazima atie sahihi. Akitia sahihi, amekubali. Akikubali na mambo yakiharibika, yeye ndiye aliyekubali. Lakini likiwa kwa Afisa, mwanangu, liko kwa Afisa."

"Na Afisa ni nani, mama?"

Karani aliangalia chumba namba saba. "Mimi nilimkuta," alisema, akafunga dirisha.

Usiku ule haukuwa na chochote ila begi. Mama alikuwa amelipanga tayari, limekaa karibu na mlango. Alisema Mjomba amethibitisha, atalipitia begi nyumbani, na saa kumi atakuwa Idarani kumchukua. Filimbi akasema sawa. Kisha akauliza kama Mkurugenzi aliwahi kuleta koti la kijivu.

"Mwaka juzi," alisema Mama, uzi mdomoni. "Kiwiko kimetoboka kwa kuegemea. Akasema hata halivai, ni la ofisini tu."

Bibi aliuweka ungo chini. Alicheka kimya, mabega yakitikisika, mpaka akajipangusa macho kwa upindo wa kanga.

"Mjukuu wangu," alisema, "kesho ukitoa taarifa, usiruke neno."

Ijumaa Mheshimiwa alifika saa nne kwa ratiba ya saa tatu, akiwa na Mkurugenzi, mpiga picha, na kijana wa gazeti. Ukumbini palikuwa pamejaa watu, si wa kungoja. Ni watu waliopata karatasi zao wiki ile, wamekuja kuona nani wa kumshukuru.

Mheshimiwa alitabasamu akasema ana furaha mara mbili. Kwanza ni hawa vijana. Pili, amekuja na barua. Yule Afisa wa chumba namba saba, ambaye yeye mwenyewe alimpa cheti mwaka jana bila kumwona, kwa jinsi alivyo mtu wa kazi, leo anampandisha cheo. Redio ilishatangaza asubuhi. Anaomba aletwe amshike mkono.

Mkurugenzi alikohoa. Alisema Afisa ametoka kidogo. Alisema ni mtu wa aibu. Alisema ana mafua.

"Twende tumwone mlangoni hapo hapo," alisema Mheshimiwa. "Mafua siyo ukoma."

Wakaingia chumba namba saba wote, na waliobaki nje wakajazana mlangoni. Filimbi alisimama wima nyuma ya meza. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, limepigwa brashi.

"Wewe ndiye Afisa?" aliuliza Mheshimiwa.

"Hapana, Mheshimiwa. Natoa taarifa." Sauti yake ilikuwa ya gwaride, haina haraka. "Lindo, chumba namba saba. Limekutwa wazi Jumatatu, saa mbili na dakika tatu asubuhi. Aliyekuwepo: koti moja la kijivu. Liliombwa kukabidhi, halikujibu. Mafaili mia moja arobaini na matatu, yote yamepigwa muhuri, yote yako chumba namba nane yakingoja sahihi. Ndani ya koti kuna kitambaa, maneno kama yalivyo: Mkurugenzi, kiwiko cha kushoto. Mwisho wa taarifa."

 Kijana wa gazeti alisikika akifungua ukurasa mpya.

Mkurugenzi alisema jambo hili lina muktadha. Mheshimiwa alinyoosha mkono, akageuza kola, akasoma mwenyewe. Alisoma mara ya pili. Halafu, kwa kuwa hakufika alipofika kwa kuchelewa kufikiri, aligeuka kwenye umati.

"Ni nani aliyewaweka vijana humu?"

"Waraka wako, Mheshimiwa," alisema Filimbi, akautoa mfukoni umekunjwa mara nne.

Mheshimiwa aliiona sahihi yake. Akavuta pumzi, akapanua kifua.

"Naam. Waraka wangu," aliwaambia watu, na mpiga picha akapiga. "Na nataka ufuatwe neno kwa neno, bila kujali cheo cha mtu."

Watu wakapiga makofi. Ilibaki ile barua ya kupandishwa cheo. Barua ikishasomwa redioni hairudi, serikali haiwezi kuonekana imekosea koti. Kwa hiyo Mheshimiwa aliamua hapo hapo, kwa hekima kubwa, kwamba koti linapandishwa cheo kama lilivyotangazwa, na kuwa Mkuu wa Kituo cha Kupima Mvua, kule mlimani ambako barabara haijafika lakini baridi imefika. Na kwa kuwa koti haliwezi kusafiri peke yake, mwenye koti atafuatana nalo, akiwa chini yake.

"Chini ya nani, Mheshimiwa?" aliuliza Mkurugenzi.

"Chini ya koti."

Mkurugenzi alipewa koti lake mkononi, akasaini kulipokea kwenye daftari la Filimbi, na akatoka nalo kwa ngazi za nta nyekundu, akitembea kwa uangalifu.

Hapo mpiga picha akasema mwanga ni mzuri chumba namba nane. Mheshimiwa angekaa pale kwa Mkurugenzi, ashike kalamu, atie sahihi faili moja, picha ya ukurasa wa mbele. Wazo likampendeza. Akapitishwa kati ya mafaili, akaketi, akatia sahihi la kwanza, akatabasamu, akapigwa picha. Kisha akainuka.

Tofali alikuwa amesimama mlangoni, na mlango ulikuwa wa kumtosha yeye tu.

"Mheshimiwa," alisema Filimbi kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mgeni mwavuli wake, "nafasi hii ilikuwa wazi. Umeishika. Ni hadi saa kumi."

"Mimi?"

"Kila atakayehusika."

Mheshimiwa alimtazama, akautazama mlango, akawatazama watu waliojaa ukumbini mpaka ngazini. Kijana wa gazeti alikuwa ameinua kalamu, anangoja neno. Mzee aliyezirai Jumanne alisema kutoka nyuma, bila ubaya, kwamba baba asione haya, kazi inazoeleka.

Mheshimiwa akaketi.

Alianza na sahihi ndefu yenye mikia mitatu, ile ya sherehe. Kufikia faili la ishirini mikia ilikuwa miwili. Kufikia la sitini, mmoja. Saa saba aliomba maji, akaletewa. Saa nane alianza kusoma yale mafaili, na hilo likampunguza mwendo, maana alikuwa anasimama na kuuliza: huyu mkunga amengoja miaka mitatu kwa nini? Filimbi alijibu kwamba kwa nini haimo kwenye taarifa. Mheshimiwa hakuuliza tena, alitia sahihi.

Saa tisa na nusu alikuwa kwenye la mia moja na ishirini na moja. Kupitia dirisha linalotazama ukumbini Filimbi alimwona Mjomba ameketi benchini, lile begi alilopanga Mama katikati ya miguu, akitazama saa. Mjomba alimpungia mkono. Filimbi alipiga saluti, akageuka, akasogeza faili lililofuata. Hakuvuta la mbele. Hakurudisha la nyuma.

Saa kumi kasoro dakika nne, Mheshimiwa alifungua la mia na arobaini. Aliitazama picha, akamtazama aliyesimama mbele yake.

"Hili ni lako."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Umekaa nalo wiki nzima mezani. Mbona hukulitanguliza?"

"Lilikuwa na nafasi yake."

Mheshimiwa aliitazama tena ile picha, kalamu hewani. Halafu akatia sahihi, fupi, isiyo na mkia hata mmoja, sahihi ya mtu anayefanya kazi. Filimbi aliichukua karatasi, akasogea mpaka dirishani, akamwonyesha Mjomba kwenye kioo. Mjomba aliisoma midomo ikicheza. Alipomaliza alilinyanyua begi, akaondoka nalo kulirudisha kwa dada yake, mabega yameshuka kidogo, maana na yeye ana watoto wanne.

Yakamalizwa matatu ya mwisho. Saa ikagonga kumi. Mheshimiwa aliweka kalamu, akanyoosha vidole, akachukua koti lake na kulitundika vizuri kwenye mgongo wa kiti, bila kufikiri, kwa mazoea tu. Kisha akaona chumba kizima kinamtazama. Akalichukua, akalivaa.

"Basi nimeruhusiwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Tuonane Jumatatu, saa mbili."

"Jumatatu?" Alishika ukingo wa meza. "Mpaka lini?"

"Hadi utakapopokelewa."

"Na nani?"

"Kamati ya Mapokezi, Mheshimiwa," alisema Filimbi. "Wako kikaoni."